Siku Niliyowanyang'anya Watani Kazi Yao

Nianze kwa kukiri, maana hata nisipokiri yupo mtu wa Mbinga atakayewaambia kabla sijamaliza hii chai: ni kweli, mimi ndiye yule mwanamke aliyeingia kwenye kaburi la baba yake mzazi akiwa amejifunga mto wa kulalia tumboni na kipaza sauti shingoni, na ni kweli padre alipiga kelele, na ni kweli sauti yangu ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, watu wakaacha kupalilia mahindi wakasimama kusikiliza. Yanayosemwa kwamba nilikuwa nimelewa si kweli. Ningekuwa nimelewa ningepata la kujitetea.

Mimi naitwa Kostansia, ila wengi wananijua kwa jina la mwanangu, Mama Deo. Nauza mitumba sokoni Mbinga mjini tangu ile miaka ya ruksa, ruksa ilipoingia na kila mtu akawa na ruhusa ya kuuza kitu, wengine wakachagua redio, wengine sabuni, mimi nikachagua makoti ya Wazungu (mazito, yanafaa sana kwa baridi ya kwetu, na ukiingiza mkono mfukoni unakuta tiketi ya treni ya mtu usiyemjua). Mume wangu alikufa mapema, nikabaki na Deo na makoti. Mwaka wa tatu wa ujane wangu nikaanza kukohoa. Nilikohoa miezi minne nikisema ni vumbi la mitumba, wateja wakawa wananunua kwa mbali, mtu anasimama hatua tatu ananyoosha kidole, "Lile la kijivu," mpaka siku nilipokohoa damu kwenye blauzi nyeupe ambayo mteja alikuwa ndani yake anaijaribu (hakuinunua).

Nikalazwa hospitali ya misheni, wodi ya kifua kikuu, miezi miwili ya sindano kila siku ya Mungu, mpaka ikafika mahali nesi anazunguka nyuma yangu anatafuta pa kuchoma kama mtu anayetafuta maegesho. Kila asubuhi tunagawiwa vikopo vya makohozi, kisha sista anapita kukagua, na mwenye kikopo kitupu anaambiwa ajitahidi. Siku moja nikasema kwa sauti kwamba tangu nizaliwe sijawahi kuongoza darasani, lakini humu naona nashika namba moja, na wodi nzima ikacheka. Sasa wodi ya kifua kikuu ikicheka, jamani, watu wanacheka nusu na kukohoa nusu, na asubuhi ile vikopo vilijaa vyote, sista akanishukuru.

Ndivyo nilivyoanza, sikusomea. Kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa Chiwanda, amebaki macho na mifupa, na kila jioni baada ya dawa alinigeukia akasema, "Mama Deo, anza." Nikawa naanza. Nilimwigiza daktari, nilimwigiza mgonjwa anayeficha vidonge, nilimwigiza yeye mwenyewe anavyomlaumu mumewe kwa barua. Alikufa Jumanne, na Jumatatu alikuwa amecheka mpaka akashika mbavu, na mpaka leo naihesabu ile kuwa ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote. Iliniuma sana. Jumanne ile sikusema neno mchana kutwa, lakini jioni wenzangu wakanigeukia wote kwa pamoja wakasema, "Anza," basi nikaanza.

Na kila Jumapili baada ya Misa baba yangu, Mzee Betram, alikuwa anashuka kutoka kijijini kwetu huko juu mlimani, upande wa Mapera, akipata lori anadandia, asipolipata anakuja kwa miguu yake, na chupa ya uji kwapani. Anafika, anakaa kwenye kistuli, ananiangalia. Halafu anasema, "Bado upo?" Namwambia, "Nipo, baba." Anasema, "Basi kunywa uji, usije ukapoa na wewe." Ndivyo alivyokuwa, anakuambia jambo la kukutia hofu kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, na mimi nadhani nimeyarithi kwake haya yote, hata mapafu.

Nikapona. Niliporudi sokoni habari zilikuwa zimenitangulia, akaja Alanus. Alanus alikuwa mfanyabiashara aliyenunua jenereta, spika mbili za kutundika mtini na kipaza sauti, akawa anakodisha kwa harusi na kwa mikutano ya vyama (vilikuwa vingi sasa), na mwenyewe alikuwa na banda la kuonyesha video. Akaniambia Jumamosi mchana, kabla ya mkanda kuanza, nisimame mbele peke yangu robo saa niongee yale ya wodini. Nikamuuliza, naimba? Hapana. Naigiza na nani? Na wewe mwenyewe. Kazi hiyo haikuwa na jina, kwa hiyo kwenye ubao wa nje aliandika: MAMA DEO ATAONGEA. Jumamosi ya kwanza walikuja watu tisa. Baada ya miezi mitatu watu walikuwa wananisikiliza mimi halafu wanatoka bila kuangalia mkanda, ikabidi Alanus anihamishie mwisho. Na baba, aliyekuwa akishuka Jumapili, sasa akawa anashuka Jumamosi, anakaa benchi la mbele kabisa na kofia yake magotini, wala hacheki. Anatikisa kichwa tu kama mtu anayehakiki mizani.

Kisha tumbo lake likaanza kujaa maji. Ini, walisema. Walimtoa maji ndoo moja na nusu, na baba akamuuliza daktari kama anaweza kuruhusiwa kwenda nayo nyumbani akamwagilie kahawa, maana mvua zimechelewa. Tumbo likajaa tena. Akawa anakaa barazani ameweka kikombe cha chai juu yake, anasema Mungu amemkumbuka uzeeni amempa meza. Siku moja nimekaa naye hapo barazani akaniambia, "Kostansia, siku yangu ikifika sitaki watu wakae wamenuna kama wanamsubiri karani. Nataka wacheke. Niahidi." Nikamwahidi. Nilimwahidi nikimwangalia machoni, na sikuwahi kumwahidi kitu nikakivunja, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia, kwa ahadi nzuri kabisa.

Sasa kwa asiyejua mambo yetu, kuchekesha msibani ni kazi yenye wenyewe. Bibi mzaa baba alikuwa mtu wa ziwani, kijiji cha Mbaha, kwa hiyo watoto wa wajomba zake baba ni binamu zake na ni watani wake wa kufa na kuzikana. Tukifiwa huku mlimani, wao wanapanda kutoka ziwani na vikapu vya usipa, dagaa wa huko, waliokauka, wanafika wanamtukana marehemu, wanavaa nguo zake, wanamwigiza anavyotembea, wanalala kaburini kupima kama panamtosha na kugoma kutoka mpaka wapewe kuku. Wakifiwa wao, tunashuka sisi. Wafiwa kazi yao ni moja tu, kukaa kwenye mkeka na kulia. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto. Mkuu wa watani wetu alikuwa Mzee Osmund, mvuvi mwenye umri wa kumpita baba, mrefu, mwenye uso usiobadilika hata akisema jambo la kuvunja mbavu watu.

Baba alifariki Alhamisi alfajiri, akapangiwa kuzikwa Jumamosi, Misa saa nane mchana pale pale nyumbani. Nikatuma habari ziwani kwa dereva wa lori la wanunuzi wa kahawa. Halafu nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa: nikamwambia Alanus alete jenereta na spika, maana watu watakuwa wengi na padre ana sauti ndogo. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia mama. Sababu nyingine nilibaki nayo moyoni.

Jumamosi ilinyesha asubuhi. Saa nne watani hawajafika, saa sita hawajafika. Watu wamejaa uwanjani, wamejipanga mpaka chini kwenye ngoro za maharage, yale mashimo tunayolimia mlimani, wamekaa kimya wanatazama miguu yao, yaani vile vile baba alivyokataza. Nikamwendea mama pale kwenye mkeka. Mama alikuwa amejitanda kanga, hajalia kwa sauti tangu Alhamisi, anatazama mbele tu. Nikamwambia, "Mama, watani wamekwama, mimi nitasema maneno kidogo watu wachangamke."

Mama akasema, "Subiri wenyewe waje."

"Mama, saa zimekwenda."

"Kostansia. Subiri wenyewe."

Sikusubiri. Nilikuwa mtu wa ubaoni, MAMA DEO ATAONGEA, na nilijiona nimeshachekesha wodi nzima ya watu wanaokufa, sembuse msiba mmoja. Nikaingia ndani nikachukua mto wa baba, nikaufunga tumboni kwa kitenge juu ya gauni, nikafunga kamba kwenye kipaza sauti nikakivaa shingoni ili mikono ibaki huru (ujanja wangu mwenyewe, Alanus aliusifu), nikasimama mbele ya jeneza la baba yangu, nikaanza.

Na walicheka, nisiwadanganye. Mwanzo waliziba midomo, lakini nilipofika kwenye ndoo ya maji na kahawa, na nilipoweka kikombe juu ya ule mto na kukishusha taratibu kama alivyofanya yeye, watu waliachia. Shangazi Eusebia, dada yake baba, alijifunika kanga kichwa chote kwa aibu, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Nikawa naona kabisa naitimiza ahadi. Nilikuwa katikati ya kumwigiza anavyolisalimia tumbo lake asubuhi, "Umeamkaje mwenzangu," nikaona watu wa nyuma wameacha kucheka na wanapisha njia.

Walikuwa wao, watu kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, wamejaa tope mpaka magotini kwa sababu lori lilinasa konani wakalisukuma wenyewe, kila mtu na kikapu cha usipa kichwani. Mbele yao Mzee Osmund. Alisimama akanitazama, akautazama mto, akakitazama kipaza sauti. Mimi kwa kuchanganyikiwa nikainamisha kichwa nikasema, "Shikamoo, mzee," na ile shikamoo ikapita kwenye spika ikaenda ikapiga mlima wa pili ikarudi. Hakuiitikia. Kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni jambo kubwa, na hii ilisikika kata nzima.

Akauliza, sio mimi, aliwauliza watu, "Huyu si binti wa marehemu?"

Wakasema ndiye.

"Ndiye mtani sasa?"

Mzee Osmund akashusha kikapu chake, akavua kofia, akasema kwa upole kabisa, "Sisi hatuna ugomvi. Mwenye kilio amechukua kazi yetu, na anaiweza, nimemsikia tangu kule chini barabarani. Lakini kilio chenyewe sasa kimebaki hakina mtu, na Betram hawezi kuzikwa bila wa kumlilia. Basi tutalia sisi." Akaenda kwenye mkeka wa wafiwa, akamsogeza shangazi kidogo, akakaa, akatoa kilio.

Jamani, alilia. Wote kumi na wawili wakakaa wakalia. Mimi nimehudhuria misiba mingi lakini sijapata kusikia kilio kilichopangika vile: mmoja anaanzisha, "Baba yetu, umetuacha na nani," wengine wanapokea, mwanamke mmoja anazimia, wawili wanampepea, akizinduka anazimia mwingine. Majirani zetu, watu wazima na akili zao, walitazamana, halafu mmoja akainuka akaenda kuwapa mkono wa pole. Wa pili akamfuata. Ikawa foleni. Nikamwona mwenyekiti wa kijiji ameinama anamwambia Mzee Osmund, "Jikaze, mwanangu," na Mzee Osmund anaitikia, "Nitajikaza vipi na bado mdogo hivi," na ana miaka sabini na kitu.

Nikajaribu kuvua mto nikae na mama. Mwanamke mmoja wa watani akanishika mkono akasema, "Unakwenda wapi? Kazi ni kazi, Mama Deo. Mtani akianza haachi mpaka udongo urudishwe." Ndiyo desturi, na sikuwa na pa kuipingia.

Hapo hapo padre akafika. Alikuwa mgeni, ana wiki tatu tu tangu aje kutoka mbali, hamjui mtu, na yeye akafanya kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, akawaendea waliokuwa wanalia. Akawapa pole kumi na wawili wote. Akageuka akaniona mimi, nimesimama pembeni ya jeneza na tumbo langu, akaja akanishika mkono akasema kwa huruma, "Na wewe mama, katika hali hiyo usisimame muda mrefu." Mimi, mjane wa miaka yote hiyo, mbele ya kijiji kizima. Ningemwambia ni mto ningelazimika kueleza mto unafanya nini pale. Nikasema, "Asante, padre." Maneno hayo mawili yamenigharimu, kwa sababu wapo waliosimama nyuma walioona tumbo na kusikia asante, na kwa mwaka mzima nikipita sokoni watu walikuwa wanahesabu miezi kwa vidole.

Kwenye mahubiri padre aliwataja watoto wa marehemu, hasa "huyu mkubwa wao anayelia kwa uchungu namna hii", akimwonyesha Mzee Osmund, akasema ni fundisho kwetu sisi wenye mioyo migumu. Alinitazama mimi. Watu waliuma kanga zao na kofia zao. Nilimtazama mama, alikuwa amezungukwa na wafiwa asiowazaa, na uso wake sikuweza kuusoma.

Tukatoka kwenda makaburini, ambako ni shambani kwetu, chini ya kahawa. Mtani hutangulia mbele ya jeneza amevaa nguo za marehemu. Wakaniletea koti la baba. Lilikuwa koti nililompa mimi, la mitumba, la kijivu, na nilipolivaa lilikuwa bado linanuka moshi na tumbaku yake. Kofia yake ikanifunika macho. Nikatangulia, natembea kama yeye, hatua fupi na mkono mmoja kiunoni, na Alanus, ambaye ni mtu makini sana na kazi yake, alikuwa nyuma yangu anaunganisha waya juu ya waya ili kipaza sauti kisikatike. Nilidhani kimezimwa. Sikuwa nimemwambia azime, na yeye hafanyi asichoambiwa.

Tulipofika, watu wakalizunguka kaburi wakanitazama. Nilijua la kufanya kwa sababu nimewaona watani wakilifanya maisha yangu yote. Nikakaa ukingoni, nikateleza kwa ule udongo uliolowa, nikaangukia chini kwa kishindo ambacho mlima ulikirudia. Padre akapiga kelele, "Mtoeni mama mjamzito!" Hakuna aliyesogea. Ule mto ukawa umepanda mpaka kifuani. Nikasema yale yanayosemwa, "Kaburi fupi hili, mzee ana miguu mirefu, sitoki mpaka mlete kuku," watu wakacheka, nikalala chali kupima.

Pale chini juu yako inabaki mbingu kidogo, yenye pembe nne, na vichwa vya watu pembeni. Nikawaza kwamba baba na kifuniko juu yake hataona hata hicho kidogo. Nilikuwa na neno la kusema, la kuchekesha, nilikuwa nimeliandaa njiani, kuhusu jinsi atakavyolalamika maji yanaingia. Nikafungua mdomo likatoka lingine. Nikasema, "Baba, zamu ilikuwa yangu."

Wakacheka. Kumbe kipaza sauti kinafanya kazi, na sauti yangu inatoka kwenye spika juu nyumbani kama mtu mwingine anayenisema. Nikasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nakufa, wewe ulikuwa mleta uji." Wakacheka zaidi. Machozi yakaanza kuingia masikioni, nikasema, "Jumamosi nani atakaa mbele?" na hapo nasikia watu wanapiga mapaja. Nikasema, "Jamani, nalia kweli." Hapo ndipo walipovunjika kabisa, mwenyekiti wa kijiji alishika mti wa kahawa asianguke. Nikalia kwa sauti, nikamwita baba, nikamwita kama mtoto mdogo anavyoita, na kila nilivyomwita kicheko kilipanda, kikaja na cha ng'ambo ya bonde. Nawaambia wenzangu, sijapata kuchekesha watu kiasi kile kabla wala baadaye. Nikajaribu kuinuka, sikuweza. Si tope, si mto. Miguu ilikataa tu, na mimi mwenyewe nikaona kwa nini niinuke, bora nibaki naye hapa.

Mtu mmoja hakuwa anacheka. Mzee Osmund alikuwa amesogea ukingoni ananitazama, akainua mkono, na watu wakanyamaza kidogo kidogo, wakaanza kusikia wanachokisikia. Wengine wakaweka mikono mdomoni. Mzee Osmund akapiga goti pale kwenye tope, mtu wa miaka sabini na kitu, akaninyooshea mkono.

"Kostansia," akasema, "toka huko, mwanangu."

Nikasema, "Siwezi."

"Najua huwezi. Ndiyo maana si kazi yako. Sisi tunaingia humu kwa sababu tunaweza kutoka. Mfiwa akiingia, nani atamtoa?"

Akanishika kiganja, mwingine akanishika mkono wa pili, wakanivuta. Alinivua lile koti taratibu, akanivua kofia, akakitoa kipaza sauti shingoni mwangu akampa Alanus, ule mto akaufungua mbele ya padre na kuukung'uta udongo. Padre akafanya ishara ya msalaba. Kisha Mzee Osmund akalivaa koti yeye, likamwishia viwikoni, akateremka kaburini kwa miguu yake yote miwili, akalala, akakunja miguu, akakohoa, akasema kutoka kule chini, "Betram, hapa umepata pabaya, jirani yako wa kushoto ni mzizi wa kahawa, hajalipwa huyo tangu chama cha ushirika kife." Watu wakacheka kicheko kingine, kile cha kawaida, cha msibani, chenye mahali pake. Wale watani kumi na mmoja walikuwa wameshainuka kwenye kilio chao wanafuta pua na kuanza kudai kuku.

Mimi nilikwenda kukaa na mama. Alinifunika na kanga yake, tukawa vichwa viwili ndani ya kanga moja, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nikamsikia analia kwa sauti. Tulilia wote wawili mpaka udongo ukarudishwa, na huko nje watu walikuwa wanacheka, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba mtu hawezi kuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja, lazima kuwe na wa kukushikia moja.

Jioni tulipokuwa tunagawa ugali nilimfuata Mzee Osmund kumwomba radhi, nikamwambia baba alinitaka niahidi. Akasema, "Hata mimi aliniahidisha hivyo hivyo, alinitumia salamu kwa dereva. Alitaka uhakikishe tu kwamba tumefika, hakutaka ufanye mwenyewe." Kisha wakanitoza faini ya mbuzi, na miaka yote iliyofuata kila mtu wa Mbaha aliyepanda mpaka sokoni kwangu alikuwa anadai mguu wake wa mbuzi hata kama hakuwepo.

Bado nasimama Jumamosi. Yale ya vikopo nasema, ya sindano nasema, hata ya meza ya chai nayasema. Lakini kila mara yupo mtu wa nyuma anayepiga kelele, "Mama Deo, tupe ile ya kaburini!" na wote wanapiga makofi, maana wanadhani ndiyo kazi yangu bora. Siisemi. Namwacha Alanus aweke mkanda mwingine. Mama naye amezeeka sasa, na nimeapa mbele yake, akiwa mzima na ananisikia: siku yake nitakaa kwenye mkeka nimejifunika, na kama lori la watani limenasa topeni, basi watu wanune, padre angoje, mimi nalia.